Shajara ya mashine ya kukalia: nyasi za shamba la Maji ya Chai

Januari: kupima kwanza

Shamba letu la Maji ya Chai, nje kidogo ya Arusha, lina ekari 11, na kila niliyemtajia ukubwa huo amenishauri ninunue mashine kubwa ya kukata nyasi, ile ambayo dereva anaikalia. Wauzaji nao wakishajua ni ekari ngapi wanaanza kutaja nguvu za farasi. Lakini ekari zilizoandikwa kwenye hati si zote za kukatwa nyasi. Kwa hiyo mradi huu unaanza na kamba ya mita 50, vijiti na daftari.

Nimepima pamoja na mdogo wangu. Bustani inayozunguka nyumba mbili ni ekari 1. Uwanja tunaowakodishia wageni kwa mahema ni ekari 2. Kati ya mistari ya parachichi, ukiacha duara la kila mti, kuna ekari 1 na nusu. Jumla ni ekari 4 na nusu. Sehemu nyingine ni kahawa na migomba ya baba, majengo, njia, kingo za mfereji, na kule chini ekari kama 3 ambazo mabingobingo na nyasi ndefu zimejiotea.

Hadi leo kazi hii inafanywa na vijana wawili, mmoja kwa fyekeo na mwingine kwa mashine ya begani. Kiangazi wanaimudu. Masika haiwezekani: wakimaliza uwanja, bustani imeshafika magotini. Nyasi zetu nyingi ni kikuyu, ambazo kwao ni hapahapa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake, na zikipata mvua na samadi hazisubiri mtu. Kanuni ya kuzikata ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, kwa hiyo masika unalazimika kurudi kila wiki. Ukizichelewesha unakuja kukata mashina ya njano, na uwanja unabaki na mabaka hadi nyasi zichipue upya.

Januari, mwishoni: hesabu ya muda

Kasha la visu, lile boksi la chini ambamo visu huzunguka, likiwa la inchi 42 hukata upana wa sentimita 107. Ukitoa sentimita 10 za kupandanisha mkato na mkato, inabaki karibu mita 1. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hiyo ni kama mita za mraba 4,850. Kona, miti na kusimamasimama hula sehemu ya tano, zinabaki 3,900 hivi. Ekari ni mita za mraba 4,047. Kwa ufupi, inchi 42 ni ekari moja kwa saa, ukiwa na dereva mzuri.

Inchi 54 hukata sentimita 137, na kwa hesabu ileile inatoa ekari moja na robo kwa saa. Kwa ekari zetu 4 na nusu, kubwa inaokoa kama saa moja kwa mzunguko. Saa hiyo tungeilipia kwa bei ya juu, injini yenye kiu zaidi, visu vitatu vya kunoa badala ya viwili, na mashine isiyopita kwenye geti la bustani lenye mita 1.3. Nimeiondoa inchi 54 kwenye orodha. Mdogo wangu hajaridhika, anasema tutapanua uwanja siku za mbele. Nimemwambia uwanja ukipanuka tutapima tena.

Februari: mteremko

Huu ndio ukurasa ninaotaka kila mwenye shamba la milimani ausome kabla ya kutoa pesa. Mashine hizi haziui kwa injini kuzima au mkanda kukatika. Zinaua kwa kubinuka. Miongozo mingi ya watengenezaji inaweka mwisho wa mashine za kukalia kwenye mteremko wa nyuzi 15, na mteremko huo kwa macho hauonekani mkali hata kidogo. Mtu aliyezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru atauita tambarare.

Nimepima kwa ubao ulionyooka wa mita 2 na pima maji. Unalaza mwisho mmoja wa ubao juu ya ardhi upande wa mlimani, unainua mwisho wa pili hadi pima maji ioneshe umelala sawa, kisha unapima kutoka ubao hadi chini. Ukipata sentimita 35 uko kwenye nyuzi 10. Ukipata 54 umefika 15. Simu nazo zina programu za kupima pembe, ila ubao haudanganywi na shina la nyasi.

Uwanja wa mahema ulitoa sentimita 12 hadi 15, yaani nyuzi 4 hivi. Bustani ilifika 28, ambazo ni nyuzi 8. Parachichi ndipo penye kazi. Mistari ya chini ni nyuzi 5, lakini ile ya juu, karibu na mfereji, ilitoa sentimita 60 na zaidi. Hiyo imepita 15. Tena mistari yote imepandwa kufuata kontua, kama inavyotakiwa ili mvua isibebe udongo, na maana yake ni kwamba mashine ingepita kiubavu kuvuka mteremko. Mashine ya kukalia hukata kwa kupanda na kushuka. Kiubavu kwenye mteremko mkali ndiko inakobinukia. Mashine ya kusukuma kwa mikono ni kinyume chake, hiyo unavuka nayo ili isikuteremkie miguuni.

Uamuzi: nusu ekari ya parachichi za juu inabaki kwa mashine ya begani, leo na siku zote, hata nikipata dereva jasiri. Kingo za mfereji vilevile. Mfereji si wetu peke yetu, maji yanakwenda kwa majirani wa chini, na kingo zikilemewa na tairi zitabomoka. Tumechomeka vigingi vilivyopakwa chokaa mita 3 kutoka ukingoni, na hakuna mashine itakayovuka hapo.

Kwa hiyo mashine ina ekari 4.

Februari, katikati: aina zenyewe

Nimezunguka Arusha mjini, kisha nikashuka Moshi. Ya kwanza niliyooneshwa kila mahali ni ile ya mikono miwili, ziro-teni, inayogeuka papo hapo. Kila tairi la nyuma lina pampu na mota yake, na yale madogo ya mbele yanafuata tu. Kwenye uwanja wa mpira ningeichukua bila kufikiri, maana inazunguka miti upesi na haiachi masalia kwenye kona. Tatizo ni kwamba uongozaji wote na breki zote viko kwenye tairi mbili za nyuma. Nyasi zikiwa na umande na tairi hizo zikateleza kwenye nyuzi 8 za bustani yetu, dereva hana usukani wala breki. Mbele hakuna cha kushika ardhi. Hapa kwetu umande wa asubuhi hukauka saa nne, na masika haukauki. Sikuhitaji kuijadili zaidi.

Ya pili ni zile zenye kasha la visu mbele ya tairi na mwili unaojikunja katikati. Husqvarna wana familia nzima ya aina hiyo. Nilizipenda sana. Zinaingia chini ya matawi, dereva anaona anachokata, na uzito umekaa chini. Lakini nilipouliza mkanda na bushi za kiungo cha katikati, jibu lilikuwa agizo la kutoka nje. Kiungo kile ndicho kinachobeba kila kona, na spea yake sijaiona hata kwenye duka moja la mikoa hii miwili.

Za betri nimezitazama kwa haraka. Ziko kimya, na wageni wa mahema wangefurahi. Betri ikichoka baada ya miaka michache gharama yake inaumiza, na umeme wetu masika hukatika siku zilezile tunazotaka kukata. Zisubiri.

Trekta la shamba lenye slasha, yaani mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma yake, kama Massey Ferguson ya kukodi, linakata chochote. Lakini udongo wetu mweusi ukilowa, tairi zake zinaacha mifereji kwenye uwanja, na mizizi ya parachichi inayotafuta chakula iko juujuu sana kuvumilia uzito ule kila wiki.

Imebaki trekta ndogo ya bustani: injini mbele, usukani wa duara, kasha la visu katikati, tairi kubwa nyuma. Haina mbwembwe. Fundi yeyote anayejua pawatila au pikipiki anaielewa ndani ya nusu saa.

Machi, mwanzoni: mitumba

Mashine mpya nilizotajiwa zinazidi bei ya bajaji mpya, kwa hiyo nimetazama na zilizotumika, zinazoingia kwa kontena kupitia bandari ya Dar es Salaam. Si mbaya zote. Ila kuna kipimo kimoja ambacho wauzaji hawakipendi, nami nakisisitiza kwa kila anayenunua mtumba.

Nyingi zina giaboksi ya haidrostati: pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota, mwendo unaongezeka taratibu kwa kukanyaga pedali, hakuna kluchi wala gia za kubadilisha. Ikiwa mpya ni raha tupu. Ikichakaa, oili baridi inaficha ugonjwa, maana ni nzito na bado inasukuma. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani kupitia sehemu zilizolika, na mashine inakataa kupanda. Kwa hiyo usiijaribu ikiwa imewashwa dakika mbili kwenye sakafu ya godauni. Iendeshe nusu saa, kisha ipandishe mlima. Moja niliyoipenda sana ilianza vizuri, na baada ya kupata moto ilisimama katikati ya kilima kidogo injini ikiunguruma. Nilimshukuru muuzaji nikaondoka.

Mengine ni ya macho na mikono. Shika ncha ya kisu, injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi za shafti zimekwisha. Gonga kasha kwa chini uone kama kutu imelila. Kasha lililochomelewa kwa bamba nene linatengenezeka Unga Limited, hapo Arusha mjini, mafundi wa kuchomelea pale wanafanya kazi ngumu kuliko hiyo. Lile jembamba la kufinyangwa kwa presi likishaoza halishiki weldingi.

Machi: nyasi za chini

Bibi jirani amenimalizia swali la zile ekari 3. Nilikwenda kumsalimia na kumweleza mpango wa kukodi slasha ili tupasafishe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, pale chini usipeleke mashine. Yale ni maziwa."

Ng'ombe wa huku wengi wanafugwa ndani, wanaletewa majani. Yeye na wakweze wamekuwa wakitafuta majani mbali, hata barabarani. Tumekubaliana mbele ya baba: watakata kwa mundu kwa zamu, kipande kimoja kimoja, ili kile cha kwanza kiwe kimechipua wanapomaliza cha mwisho. Sisi tutapata samadi kwa ajili ya parachichi. Sioni slasha ambayo ingetulipa hivyo.

Aliomba pia vipande vitakavyotoka kwenye mashine. Hapo nilimwomba tusifanye. Nyasi zilizokatwa fupifupi zikirundikwa zinapata joto upesi na kuchacha, na uwanja wa wageni una vifuniko vya chupa na mifuko ambayo kisu kinaigeuza vipande visivyoonekana. Alikubali mara moja. Amewahi kumpoteza ndama kwa mfuko wa plastiki.

Makubaliano haya yamebadilisha hata mashine ninayoitafuta. Sihitaji tena kitu cha kumudu mabingobingo. Nahitaji cha kukata nyasi fupi, mara kwa mara, vizuri.

Aprili: masika

Mvua imeanza kweli. Nimeazima kwa saa chache trekta ya inchi 42 ya rafiki aliyeko Usa River, ili nione nyasi zetu zikiwa zimelowa. Tuliyojifunza:

Kisu cha kusaga, kinachozikata nyasi tena na tena ndani ya kasha na kuziacha hapohapo, kinaziba kwa kikuyu mbichi. Mfuko wa kukusanyia nao unajaa kabla ya kumaliza mstari. Kinachofanya kazi ni mlango wa pembeni wa kasha, unaotupa nyasi nje. Na kwenye parachichi mlango huo ni zawadi: ukizunguka ukiwa umeuelekeza kwenye mti, nyasi zinatua chini ya matawi zikawa matandazo. Tunayavuta kidogo yasiguse shina.

Nguvu za farasi hazitoshi kusomwa kwenye boneti. Hapa tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, ya kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi 20 za kiwandani kwetu ni kama 17 na nusu. Kwa inchi 42 zinatosha. Ningeweka farasi hizohizo kwenye inchi 54 na kikuyu ya Aprili, injini ingelia kila mita kumi. Anayeishi Moshi mjini, chini ya mita 900, anapoteza kidogo kuliko sisi.

Mafuta: mashine ya ukubwa huu inakunywa lita 3 hadi 4 kwa saa. Ekari 4 ni lita 12 hadi 16 kwa mzunguko. Ukikata kila wiki, mwezi mmoja wa masika ni lita 50 hadi 60 na ushee. Bei kikomo ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inayotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nimeanza kuiandika kwenye daftari hilihili, ili ada ya mahema iifuate.

Mei: tumenunua

Trekta ndogo ya bustani, inchi 42, farasi 20, silinda mbili, mpya. Haidrostati yake ni ile nzito yenye nati ya kumwagia oili. Nyingi za bei nafuu zimefungwa kiwandani, zikichoka unatupa. Ekseli ya mbele ni chuma cha kusubu, si bati lililokunjwa. Kasha ni la kuchomelewa.

Kilichoamua kati ya mbili za mwisho ni spea. Niliingia dukani na orodha: mkanda wa visu, mkanda wa mwendo, visu viwili, filta ya hewa, filta ya oili, shafti ya kisu na beringi zake. Nilitaka kuviona mezani, sio kwenye katalogi. Kwa mashine moja vilikuwepo vyote isipokuwa shafti, ambayo ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kwa nyingine kilikuwepo kisu. Mashine ikisimama wiki tatu mwezi wa nne, nyasi zinaishinda.

Juni: kuandaa ardhi na dereva

Meru ni volkano, mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910, na udongo wake uliotupa rutuba umetuletea na mawe. Kila mvua inafunua mapya. Kiwango cha Marekani kinaruhusu ncha ya kisu kufikia takriban mita 96 kwa sekunde, na jiwe likitoka kwenye mlango wa pembeni kwa kasi ya namna hiyo halichagui kioo wala mtoto. Vijana wanatembea uwanja mzima na ndoo kabla ya kila mkato. Mawe makubwa yasiyong'oka tumeyapaka chokaa.

Dereva ni yule kijana wa fyekeo. Kazi yake ilikuwa ndiyo inayochukuliwa na mashine, na ni haki yeye awe wa kwanza kuikalia. Anajua kila shimo la shamba hili. Tumemfundisha kupanda na kushuka moja kwa moja, kutogeuza ghafla mteremkoni, na kuzima kabisa kabla ya kugusa mlango uliozibwa. Watoto hawapandishwi, hata kwa kupigwa picha.

Fundi aliyekuja kuitazama alijitolea kuunganisha waya za swichi ya kiti, ile inayozima injini dereva akinyanyuka, akisema inasumbua. Nimekataa, na nimeandika kwenye ukuta wa banda kwamba atakayeiunganisha hatafanya kazi hapa tena. Swichi hiyo ndiyo inayotenganisha kuteleza kutoka kwenye kiti na kukatwa mguu.

Agosti: vumbi na miiba

Nyasi zimepungua kasi, tunakata kila baada ya wiki tatu. Adui wa sasa ni vumbi. Filta ya hewa inayosafishwa masika mara chache, sasa tunaikung'uta kila baada ya mkato, na ya sponji inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini. Oili ya kwanza ilimwagwa mapema, baada ya saa chache za kazi kama mwongozo unavyotaka, maana injini mpya hutoa vumbi la chuma. Sasa tunabadilisha kila saa 50.

Miiba ya migunga imetoboa tairi la mbele upande wa kushoto zaidi ya mara moja. Tumeingiza tyubu kwenye tairi za mbele na dawa ya kuziba ndani ya zile za nyuma; tangu hapo hakuna pancha.

Visu vinanolewa kila saa 25 hivi, kwa tupa au mashine, kisha kila kimoja kinaning'inizwa kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati. Kikiinama upande mmoja, upande huo unapunguzwa hadi kilale sawa. Kisu kisicho na mizani kinakula beringi za shafti, na shafti ndiyo ile iliyotoka Dar es Salaam kwa basi.

Yaliyobaki kabla ya vuli: kununua mkanda wa akiba, kupanua geti la nyuma ili dereva asizunguke barabarani, na kupima upya mistari ya parachichi ya katikati. Kijana anasema ubao ulionesha nyuzi 9 lakini tairi la juu linahisi jepesi akipita pale asubuhi. Mpaka tupime, mistari hiyo inakatwa kwa mashine ya begani.